Blogu inayokaa nyumbani: kundi la kompyuta ndogo linakinga nini, na nini halikingi

Picha zake zimeenea. Kompyuta tatu au nne, kila moja ukubwa wa kadi ya benki, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye kifremu cha plastiki. Taa ndogo za kijani zinawaka na kuzima, nyaya fupi zimechomekwa pembeni, na mwenyewe anaeleza kwamba blogu yake inakaa humo, nyumbani kwake, kwenye rafu ya sebuleni. Picha kama hiyo ikipita kwenye kundi la WhatsApp, mabishano huanza. Mmoja anasema huko ni kuhosti bure. Mwingine anasema blogu ya namna hiyo haizimiki, maana kompyuta ziko nyingi. Wa tatu anashikilia kwamba ukiwa na mtambo wako mwenyewe hakuna kampuni wala mamlaka itakayokugusa.

Madai yote matatu yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Mtu ananunua vifaa, anakesha wikiendi nzima akivifunga, blogu inafunguka vizuri kwenye simu yake pale nyumbani, halafu rafiki yake aliye mtaa wa pili hawezi kuiona kabisa. Anabaki akiamini kakosea mahali. Mara nyingi hakukosea. Alielezwa habari za kompyuta tu, akaachwa bila kuelezwa habari za anwani, umeme na waya unaotoka nje ya nyumba, na huko ndiko uzito wa kazi ulipo.

Nalieleza jambo hili kwa sababu nalipenda, na ningefurahi kuona waandishi wengi wa Kiswahili wakilijaribu. Blogu nyingi za mwanzo za lugha yetu zilifunguliwa Blogspot, huduma ya Google, na zipo hadi leo kwa sababu Google bado inataka ziwepo. Mwaka 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, na kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida zikaondolewa, isipokuwa zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. Mwandishi ana haki ya kutaka maandishi yake yakae mahali anapopashika kwa mkono.

Tuanze na maneno

Blogu, ukiivua mapambo, ni mafaili: maandishi, picha, na maelekezo ya namna ya kuvipanga kwenye kioo cha msomaji. Seva ni kompyuta yoyote iliyowashwa na kuunganishwa na intaneti, yenye programu inayokaa ikisubiri kuombwa ukurasa na kuutoa. Si lazima iwe kubwa, wala iwe kwenye chumba chenye baridi. Kuhosti ni kazi ya kuiweka seva hiyo hai na yenye kufikika saa zote. Unapomlipa mtu akuhostie, unamlipia umeme, jenereta, intaneti ya kasi, na mfanyakazi anayeamka saa nane usiku kitu kikiharibika. Kinachoitwa wingu ni hizo hizo kompyuta za mtu mwingine, zilizo katika jengo la mtu mwingine.

Seva ya kwanza kabisa ya wavuti ilikuwa kompyuta ya mezani. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, akiwa CERN, kituo cha utafiti nchini Uswisi, aliiendesha kwenye mashine yake ya NeXT mwanzoni mwa miaka ya 1990, akabandika juu yake karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu akiwasihi watu wasiizime kwa kuwa ni seva. Kwa hiyo anayehosti nyumbani hafanyi jambo geni. Anairudisha kazi ilikoanzia, na tahadhari iliyokuwa kwenye karatasi ile bado inamhusu.

Kuna jambo moja zaidi la kutenganisha kabla hatujagusa vifaa, kwa sababu linaamua ugumu wa yote yanayofuata. Blogu ya WordPress, programu iliyotoka mwaka 2003, hujenga ukurasa upya kila msomaji anapofika: inasoma hifadhidata, yaani ghala la maandishi yake, inaunganisha vipande, kisha inatoa. Inahitaji programu kadhaa zikae macho muda wote. Aina ya pili ni ya kurasa tuli. Unaandika makala, programu kama Hugo inazigeuza zote kuwa kurasa zilizo tayari mara moja, na seva kazi yake inabaki kutoa faili lililokwisha kuandaliwa. Kwa blogu ya mtu mmoja anayeandika mara moja au mbili kwa wiki, kurasa tuli ndizo ningemshauri bila kusita. Hazina hifadhidata ya kuharibika umeme ukikatika ghafla, hazina ukurasa wa kuingilia ambao wezi watajaribu kuuvunja, na kompyuta ndogo moja inaweza kutoa mamia ya kurasa hizo kwa sekunde.

Kompyuta zenyewe, na habari ya bure

Jina linalotajwa zaidi ni Raspberry Pi, ya Uingereza. Ya kwanza iliuzwa Februari 29, 2012 kwa dola 35, ikiwa imekusudiwa wanafunzi wajifunze kuandika programu. Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023 ilianza kwa dola 60 yenye memori ya GB 4, na dola 80 yenye GB 8. Hiyo ni bei ya ubao mtupu. Ongeza chaja inayotoa umeme wa kutosha, diski, waya, swichi ya kuziunganisha, na ushuru na usafiri hadi Dar es Salaam au Kampala.

Sasa piga hesabu. Kwa bei hiyo ya mwaka 2023, bao tatu za dola 60 ni dola 180. Seva ndogo ya kukodi mtandaoni, inayotosha blogu ya kawaida, hupatikana kwa takriban dola 5 kwa mwezi. Fedha ya bao tatu tu ingelipa kodi hiyo kwa miezi 36. Na umeme nao upo. Raspberry Pi 4 hula takriban wati 3 ikiwa imetulia na 6 au 7 ikifanya kazi nzito. Tuseme wastani ni wati 5. Tatu ni wati 15, na swichi ndogo tuipe wati 3. Wati 18 kwa saa 24 kwa siku 30 ni karibu uniti 13 kwa mwezi. Si nyingi, lakini kwa Mtanzania aliye kwenye bei nafuu ya TANESCO, inayowahusu wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 13 zinaweza kumvusha mpaka huo, na hapo ndipo gharama halisi itakapojitokeza. Neno bure liondoke kwenye mazungumzo haya. Anayehosti nyumbani analipia kumiliki na kujifunza, na hivyo vina thamani.

Wala si lazima iwe Raspberry Pi. Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, kama ThinkCentre Tiny za Lenovo au OptiPlex Micro za Dell, huuzwa mitumba na mara nyingi zina nguvu kuliko bao hizo, japo hula umeme zaidi. Na kwa mazingira yetu kuna kifaa ambacho wataalamu wa Ulaya hawakitaji sana: laptopu ya zamani. Ina betri yake ndani. Umeme ukikatika, haizimi. Iwekee mpangilio isilale ukiifunga kifuniko, ikague betri mara kwa mara isije ikavimba, na una seva yenye akiba ya umeme ambayo bao la dola 60 halina.

Kundi linafanya nini hasa?

Hapa ndipo pana fumbo kubwa zaidi. Watu huona kompyuta tatu na kudhani zimeungana kuwa moja yenye nguvu mara tatu. Sivyo. Ukurasa mmoja wa blogu hautolewi haraka mara tatu kwa sababu kompyuta ni tatu.

Fikiria shughuli ya harusi uswahilini. Uani kuna majiko matatu, kila moja na sufuria lake, na yuko mpishi mkuu anayezunguka kutoka jiko hadi jiko. Jiko moja likizimika, anahamisha sufuria kwenda jingine, na wageni walioketi mbele hawajui kama kuna kilichotokea. Klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kwa usimamizi mmoja, ndiyo uani huo. Kila kompyuta ni jiko. Sufuria ni kontena: kifurushi kilichobeba programu pamoja na kila inachohitaji, ili iweze kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote ya kundi bila kupangwa upya. Mpishi mkuu ni programu ya usimamizi. Iliyo maarufu ni Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014 kwa ajili ya mitambo mikubwa. Kwa kompyuta za nyumbani wengi hutumia k3s, toleo lake jepesi lililotolewa na Rancher Labs mwaka 2019. Wewe unaiambia: nataka nakala mbili za seva ya blogu ziwe hai wakati wote. Yenyewe huzipanga, huziangalia, na moja ikifa huiwasha nyingine kwenye kompyuta iliyobaki.

Lakini uani ule una mlango mmoja wa wageni, na majiko yote yanatumia mtungi mmoja wa gesi. Mlango ukifungwa, hata majiko kumi hayamlishi mtu. Gesi ikiisha, yote yanazima kwa pamoja. Nyumbani kwako mlango ni waya wa intaneti pamoja na ruta, na gesi ni umeme. Klasta inakukinga dhidi ya kufa kwa kompyuta moja, basi. Na ukiuliza mtu yeyote wa Mwanza, Goma au Kisumu ni kipi hukatika mara nyingi zaidi kati ya kompyuta, umeme na intaneti, jibu unalijua.

Kwa nini watu husema zianze tatu, zisiwe mbili? Sababu ni akidi. Klasta ikiendeshwa kwa usalama, usimamizi wenyewe hugawanywa kwenye kompyuta kadhaa, na uamuzi hupita pale tu zaidi ya nusu yao wanapowasiliana. Zikiwa mbili na moja ikazima, iliyobaki ni moja kati ya mbili, ambayo ni nusu kamili na haifikii akidi, kwa hiyo inakataa kuamua. Inakataa kwa hekima: haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au waya tu umechomoka, na kama kila upande ungejiona bosi, data zingegongana. Zikiwa tatu na moja ikazima, mbili zinabaki na akidi. Zikiwa nne, bado unaweza kupoteza moja tu, kwa kuwa zikizima mbili umebaki na nusu. Ndiyo maana utasikia tatu, tano, saba. Wanaoweka usimamizi kwenye kompyuta moja tu, na wengi wa nyumbani hufanya hivyo, wajue kwamba hiyo ikifa, nyingine zitaendelea na kazi zilizokuwa nazo, ila hakuna atakayehamisha chochote.

Kuna jambo ambalo limewaliza wengi kuliko yote: klasta si nakala akiba. Programu inahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, lakini mafaili yaliyokuwa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa hayahami nayo, isipokuwa uwe umeweka mfumo wa kunakili diski, kama Longhorn. Na hata ukiuweka, unanakili kila kitu kwa uaminifu mtupu, pamoja na makosa. Ukifuta makala kwa bahati mbaya, imefutwa kwenye nakala zote tatu kwa sekunde hiyo hiyo. Nakala akiba ya kweli ni ile iliyotengana na mtambo, yenye tarehe yake, na angalau moja ikae nje ya nyumba, kwa sababu mwizi na moto havichagui diski. Blogu ya kurasa tuli hapa ina raha yake: miaka kumi ya makala inaweza kutoshea kwenye flashi moja ukampa dada yako anayekaa mkoa mwingine.

Msomaji anafikaje kwako?

Tufike sasa kwenye lile tatizo la rafiki wa mtaa wa pili. Kila kifaa kinachotaka kufikiwa moja kwa moja kwenye intaneti kinahitaji anwani ya namba. Mfumo wa zamani wa anwani, IPv4, una anwani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na watu ni zaidi ya bilioni 8, wengi wakiwa na simu, ruta na televisheni. Februari 2011 akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha, na kila bara likabaki na fungu lake. La Afrika husimamiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius.

Kampuni za intaneti zilipunguza makali kwa kuwashirikisha wateja anwani. Mamia ya nyumba na simu hutoka nje kwa namba moja. Ukiomba ukurasa kutoka ndani, kampuni inakumbuka nani aliomba na jibu linakurudia. Lakini mgeni akija kutoka nje akiuliza namba ile, kampuni haina njia ya kujua anataka nyumba ipi kati ya hizo mamia. Mlango haupo, na hakuna mpangilio wowote wa kompyuta yako utakaoutoboa. Laini za simu karibu zote ziko hivyo, na hata Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya Julai 2023, huwaweka wateja wake wa kawaida wa nyumbani kwenye anwani za pamoja.

Kabla ya kununua chochote, jipime. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Namba hizo mbili zikilingana, una anwani yako mwenyewe. Zikitofautiana, hasa ile ya kwenye ruta ikianza na 100 na namba inayofuata ikiwa kati ya 64 na 127, uko kwenye ya pamoja. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na kinaokoa fedha nyingi.

Ukiwa kwenye ya pamoja, njia zipo. Ya kwanza ni kuiomba kampuni yako anwani ya kudumu. Baadhi huiuza, hasa kwenye vifurushi vya faiba vya biashara. Ya pili ni IPv6, mfumo mpya wenye anwani zisizokwisha kwa mahesabu ya kibinadamu, ambao tatizo lake ni kwamba wasomaji wako wengi bado hawajaunganishwa nao. Ya tatu, inayotumiwa na wengi, ni njia ya chini kwa chini: programu ndani ya nyumba yako inatoka yenyewe kwenda kwenye seva ya kampuni yenye anwani ya wazi, inashikilia mawasiliano hayo, na msomaji akifika kule anapitishwa humo hadi kwako. Cloudflare, kampuni ya Marekani, hutoa huduma hii bila malipo. Ina bei yake nyingine, lakini. Kila anachosoma msomaji kinapita mikononi mwa Cloudflare kikiwa kimefunguliwa, na siku wakipata hitilafu, kama Novemba 18, 2025 tovuti nyingi duniani zilipoanguka kwa pamoja, nawe unaanguka ingawa kompyuta zako ziko salama sebuleni. Ya nne, ninayoipenda zaidi, ni kukodi seva ndogo sana, uiunganishe na nyumbani kwa WireGuard, programu inayojenga njia ya siri kati ya kompyuta mbili, na iwe lango tu. Blogu iko kwako, ufunguo wa usimbaji, unaofanya mawasiliano yasisomeke njiani, uko kwako, na lango ukilichoka unalibadilisha. Ndiyo, umerudi kulipa zile dola 5. Angalau sasa unajua unalipia nini.

Juu ya anwani kuna jina la kikoa, kama lile linaloishia .co.tz au .co.ke. Hulinunui likawa lako milele. Unalisajili na kulihuisha kila mwaka. Jina huelekezwa kwenye anwani, na anwani ikibadilika, kama inavyotokea ruta ikizimwa na kuwashwa, kuna programu ndogo za kulielekeza upya zenyewe.

Kasi nayo ieleweke vizuri. Kasi inayotangazwa kwenye mabango ni ya kushusha, wakati blogu yako inatumia kasi ya kupandisha, ambayo kwenye vifurushi vingi ni ndogo zaidi. Tuseme unapandisha megabiti 10 kwa sekunde. Hiyo ni takriban kilobaiti 1,250. Ukurasa mwepesi wa kilobaiti 100 unaweza kutolewa mara 12 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya wasomaji 40,000 kwa saa. Blogu chache sana za binafsi zitafika huko. Weka picha moja ya megabaiti 3 moja kwa moja kutoka kwenye simu, na msomaji mmoja anaikalia laini yako yote kwa zaidi ya sekunde mbili. Punguza picha kabla ya kufikiria kuongeza kompyuta ya nne.

Kuna faida ya ukaribu ambayo haisemwi sana. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tovuti iliyohostiwa Ulaya huja kwa nyaya kama hizo hata kama mwandishi na msomaji wote wako Dodoma. Iliyohostiwa ndani ya nchi inaweza kupitia vituo vya kubadilishana mawasiliano, kama TIX ya Dar es Salaam au KIXP ya Nairobi, bila kugusa bahari. Faida hiyo unaipata pale tu lango lako nalo liko karibu. Ukilikodi Ujerumani, mgeni wa mtaa wa pili anaenda Ujerumani na kurudi.

Mgao

Umeme wetu una tabia tatu zinazoua seva ndogo: hukatika ghafla, hurudi kwa kishindo, na hupanda na kushuka. Kadi ya memori, ambayo Raspberry Pi huitumia kama diski, ndiyo hufa mwanzo. Kadi hizo hazikutengenezwa kuandikwa kila dakika mchana na usiku, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili hupasuka. Tumia diski ya SSD. Chaja nayo isiwe ya simu tu: Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na ikipata pungufu hujizimazima kwa namna ambayo utaitafutia sababu wiki nzima kwenye programu.

Kisha saa. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia hazina betri ya saa. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, kompyuta inaamka ikidhani ni wakati ule ilipozimika, au wa nyuma zaidi, na kuhuishwa kwa cheti cha usalama, kile kinachofanya kivinjari kionyeshe kufuli, kunaweza kukwama kwa sababu ya tarehe. Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bila malipo, kila kimoja kikidumu siku 90 kisha kikihuishwa chenyewe, mradi saa iwe sahihi. Iache kompyuta isubiri kurekebisha saa kupitia intaneti kabla haijawasha mengine.

Akiba ya umeme isiishie kwenye kompyuta. Ruta na kile kiboksi cha faiba ukutani navyo vinahitaji, na hivi ndivyo watu husahau. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 18 ina takriban wati-saa 216, na kama ni ya risasi usiivute zaidi ya nusu. Klasta ya wati 18 pamoja na ruta ya wati 10 itakaa saa tatu hivi, ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Mgao wa saa sita utaimaliza. Kompyuta moja badala ya tatu ingekaa saa tano au zaidi kwa betri hiyo hiyo, na hapa nasema wazi: kwa lengo la blogu kubaki hewani, nyumba nyingi za Afrika Mashariki zitafaidika zaidi na kompyuta moja na betri nzuri kuliko klasta ya tatu.

Wezi na sheria

Dakika chache baada ya kufungua mlango, wageni usiowaalika watafika. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu kila anwani, zikiuliza ukurasa wa kuingilia wa WordPress hata kama huna WordPress, zikibahatisha nywila. Hazikujui wala hazikuchukii. Fungua mlango wa kurasa tu, ule wa usimamizi ubaki ndani ya nyumba; tumia funguo za kidijiti badala ya nywila, na sasisha programu. Ukiweza, seva ikae kwenye mtandao wake, mbali na simu na laptopu za familia, ili ikivunjwa isiwe daraja la kuwafikia.

Kuhusu dai kwamba hakuna atakayekugusa, sheria huangalia anayechapisha, na kompyuta ilipo haimfichi. Nchini Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na ada za kuanzia zikafika shilingi milioni 2.1. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisitisha huduma kwa muda. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena baadaye, hivyo aliye Tanzania aulize TCRA, hasa kama anaandika habari na siasa. Ukikusanya majina na barua pepe za wasomaji, zipo pia sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022. Na nchi ikizimiwa intaneti, kama Uganda Januari 2021 na Tanzania Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi, blogu ya nyumbani inatoweka machoni pa wasomaji wa nje, wakati iliyo kwenye seva ya ng'ambo inabaki ikisomeka kwao. Anayeandika mambo ambayo ni lazima yasomwe siku kama hizo aweke nakala hai nje ya nchi.

Pa kuanzia

Klasta inunuliwe na anayetaka kujifunza klasta, na ni sababu njema kabisa: mtu aliyeendesha k3s nyumbani ameshika ujuzi unaotafutwa na mabenki na kampuni za simu, kwa gharama ya vifaa vidogo. Kijana wa chuo asiyeweza kuingia chumba cha seva anaweza kukijenga juu ya kabati. Anayetaka blogu tu aanze na kompyuta moja aliyonayo, kurasa tuli, na lango. Akikaa nayo msimu mmoja wa mgao atajua mwenyewe kama kompyuta ya pili na ya tatu zina kazi.

Fanya pia zoezi hili mapema, wakati hakuna kilichoharibika: chukua nakala akiba yako, uiwashe blogu kwenye mashine nyingine kabisa, na uone kama inafunguka na picha zake zote. Kama haifunguki, huna nakala akiba. Na jina la kikoa lisajiliwe kwa jina lako, lisiwe la fundi aliyekusaidia, huku taarifa za kulihuisha zikienda kwenye barua pepe isiyotegemea kikoa hicho hicho.